Tunawahesabu Samaki kwa Nini?

Wazee walisema: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mwenye duka anaijua methali hii. Mwenye ng'ombe anaijua vilevile: jioni husimama mlangoni pa zizi na kuwahesabu wanapoingia. Lakini mali ya majini, nani anaiandika daftarini? Bahari haina zizi wala mlango. Samaki hana alama ya mwenyewe. Kwa hiyo watu wengi husema: "Tuvue tu. Aliyewaumba atawazidisha."

Ndugu wasomaji, leo tufikiri pamoja juu ya swali hili: Mtu anayetoa mali majini bila kutaka kujua kiasi kilichobaki, je, ana kosa, ama ni ujinga tu usio na lawama? Na yule aliyeletewa hesabu mbele ya macho yake, kisha akaifumbia macho, tumwiteje?

Kwanza yafaa tujue kwamba bahari inahesabika. Haihesabiki kwa kumshika kila samaki. Hata mama apikaye maharagwe hali chungu kizima apate kujua kama yameiva. Hukoroga, kisha huonja machache. Lakini asipokoroga, ataonja ya juu tu, naye atadanganyika.

Ndivyo wafanyavyo wenye elimu ya bahari. Huigawa bahari sehemu sehemu kwa kadiri ya kina chake. Halafu huchagua mahali pa kupimia kwa kura, si kwa kupenda, wasije wakaenda penye samaki tele tu. Kila mahali wavu wa namna moja hukokotwa kwa mwendo mmoja na kwa muda mmoja. Samaki waliopatikana hupimwa uzito na urefu. Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe vidogo vyenye pete kama zile za mti uliokatwa; kwa kuzisoma hujulikana miaka yake. Wengine hupeleka sauti majini kwa chombo, na kusikiliza inavyorudi, maana kundi la samaki huirudisha. Penye matumbawe, wapiga mbizi hutandaza kamba ya mita na kuandika kila kitu kilicho chini yake: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, majani, mchanga. Mwaka unaofuata hurudi palepale. Hesabu ya mara moja haisemi mengi. Kulinganisha mwaka na mwaka ndiko kunakoonyesha kama nyumba inajengwa ama inabomoka.

Tena, mhesabu mwaminifu hasemi: "Samaki ni kadha, basi." Husema: "Ni kati ya kiasi hiki na kiasi kile." Shikeni sana neno hilo, maana humo ndimo jambo letu lilimo.

Sasa twende mbali kidogo, hata pwani ya Newfoundland katika nchi ya Kanada. Nawapeleka huko kwa sababu mambo yaliyotokea yameandikwa wazi, tena kwa sababu samaki wa huko si mgeni kwetu. Nani katika Kongo asiyejua makayabu, samaki wa chumvi atokaye ng'ambo? Samaki aliyefanya jina la makayabu lijulikane ni yule ambaye Wafaransa humwita "moru", naye ni samaki wa bahari ya baridi.

John Cabot alipofika pande zile mwaka 1497, habari zilienea Ulaya kwamba samaki ni wengi hata huchotwa kwa vikapu. Kwa karne nyingi watu walivua moru kwa ndoana na mashua, na samaki hakuonekana kupungua. Mwaka 1883, katika maonyesho ya uvuvi huko London, Thomas Huxley, mtu wa elimu na sifa kubwa, alisema kwamba kwa namna ya kuvua ya siku zile moru hawezi kuisha. Labda alisema kweli kwa siku zile. Lakini namna za kuvua hazikukaa vile. Baada ya vita kuu ya pili zilikuja meli kubwa za kukokota nyavu, zenye mashini za kugandisha samaki mle mle ndani, zikavua usiku na mchana. Mwaka 1968 moru wa kaskazini waliovuliwa walipata tani 800,000 hivi. Tangu hapo mavuno yakaanguka.

Mwaka 1977 Kanada ilipanua mipaka yake baharini hata maili 200, ikaziondoa meli nyingi za kigeni. Watu walifurahi, wakisema: "Sasa mali ni yetu, nasi tutaitunza kwa elimu." Kweli, wahesabu waliwekwa, na kila mwaka serkali ilitangaza kiasi cha kuvua. Basi kosa lilitoka wapi?

Kosa la kwanza lilikuwa la ushahidi. Wahesabu walikuwa na vipimo vyao vya kura, lakini tena walitegemea sana habari za meli kubwa za biashara. Meli hizo zilirudi zimejaa mwaka kwa mwaka. Lakini meli ya biashara haiendi kwa kura. Huenda penye samaki, na vyombo vyake vya kutafutia huzidi kuwa vizuri. Samaki wakipungua hukusanyika pamoja, nayo meli hulifuata kundi la mwisho na kusema: "Samaki wangali tele." Huko ni kuonja chungu bila kukoroga. Wakati huohuo wavuvi wadogo wa pwani, wenye mashua na mitego, walilalamika kwamba samaki wamekuwa haba na wadogo. Hawakusikilizwa upesi. Ushahidi wa mwenye meli ulipita ushahidi wa maskini.

Kosa la pili ni zito kuliko la kwanza. Mwaka 1989 wahesabu walikiri kwamba hesabu zao za nyuma zilikuwa kubwa mno. Wakashauri mwaka ule zisivuliwe zaidi ya tani 125,000. Serkali ikaruhusu tani 235,000. Kwa nini? Kwa sababu viwanda vingefungwa, vijiji vingelia, na hesabu yenyewe haikuwa na hakika kamili. Hapa ndipo lile neno "kati ya hiki na kile" lilipogeuzwa. Mashaka ya mhesabu yalikuwa onyo. Wakubwa waliyafanya ruhusa.

Kosa la tatu: walimhesabu samaki mmoja bila kuitazama nyumba yake yote. Moru hula samaki wadogo waitwao kapelini, kama vile mikebuka wetu wanavyokula ndagala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kapelini nao walionekana haba, na maji yalikuwa baridi kuliko desturi. Hata leo wenye elimu hubishana kila sababu ilikuwa na nguvu gani. Lakini wote wanajua kwamba samaki aliyedhoofishwa na nyavu hana akiba ya kungojea mwaka mwema.

Tarehe 2 Julai 1992 serkali ya Kanada ilipiga marufuku uvuvi wa moru wa kaskazini. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Iliaminiwa kwamba marufuku itadumu miaka miwili. Uvuvi mdogo mdogo uliruhusiwa baadaye kwa kiasi, lakini mwisho wa marufuku yenyewe haukutangazwa mpaka mwaka 2024, miaka 32 baadaye. Na kiasi kilichoruhusiwa mwaka ule kilikuwa tani 18,000. Pimeni wenyewe: 18,000 mbele ya 800,000.

Basi turudi kwenye swali letu. Asiyejua, naye hakuweza kujua, hana lawama. Wazee wa zamani waliovua kwa ndoana hawakuwa na chombo cha sauti wala daftari, na nguvu ya mikono yao ilikuwa mpaka wa kutosha. Lakini nguvu ikizidi, wajibu wa kujua huzidi pamoja nayo. Mtu mwenye panga hukata mti mmoja, naye huona alichokata. Mwenye mashini hukata msitu, naye lazima aupime kabla ya kukata. Kwa hiyo mwenye wavu mkubwa asiyetaka kuhesabu hawezi kusema: "Sikujua." Kutokujua kwake amekuchagua mwenyewe. Na aliyeletewa hesabu ya kweli akaipinda kwa kuwa haimpendezi, huyo amekuwa shahidi wa uwongo. Amri ya nane haikutengwa kwa ajili ya baraza la wazee tu.

Lakini mwenye kupinga atasimama na kusema: "Mwalimu, maneno yako ni mema kwa mtu aliyeshiba. Mimi nina watoto sita. Leo wanalia. Watoto ambao hawajazaliwa hawalii. Je, niwanyime hawa nilio nao kwa ajili ya wale nisiowaona?"

Swali hili si la mzaha, wala tusilijibu upesi. Nasema hivi. Kwanza, tani zile zilizoongezwa mwaka 1989 zilionekana kuwa huruma. Lakini zilichukuliwa kwa nani? Hazikutoka mfukoni mwa mkubwa yeyote. Zilikopwa kwa watoto walewale waliokuwa wakila, nao walilipa mwaka 1992 walipowaona baba zao wamekaa bure. Huruma inayomlipisha mtoto si huruma.

Pili, mwenye kupinga ana haki katika jambo moja. Mtu mwenye njaa hawezi kuachwa abebe peke yake mzigo wa kungoja. Huko Kanada serkali iliwapa wavuvi posho. Palipo na uwezo mdogo, msaada hauwezi kuwa mkubwa vile. Lakini kufunga maji na kumwambia maskini "Shauri lako" ni udhalimu. Anayeamuru kungoja afikirie pia chakula cha kungojea. Na ikiwa ni lazima kupunguza, aanze kupunguza mwenye wavu mkubwa.

Haya si habari za ng'ambo tu. Kongo yetu ina bahari, ijapokuwa pwani yake haizidi sana kilometa 40. Huko Muanda iko bustani ya mikoko, iliyowekwa na serkali mwaka 1992, mwaka uleule moru alipofungiwa. Nasi wa mashariki tuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, tulilogawana na Tanzania, Burundi na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizi nne zilitia mkono mapatano ya kulitunza pamoja. Mwaka huohuo wenye elimu walitangaza kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto kuliko zamani, hata hayachanganyiki vema na maji ya chini, na chakula kilichomo chini hakipandi kama kwanza. Kwa hiyo hata ziwa likihesabiwa, tusihesabu ndagala pekee. Tupime na maji anamokaa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaane. Wavuvi wengine walinung'unika. Huenda walikuwa na sababu. Lakini samaki havuki mpaka kwa pasi: nchi moja ikihesabu na kungoja, na ya pili ikivua tu, iliyongoja ndiyo itakayopata hasara.

Msomaji atauliza: "Mimi si mkubwa wa serkali, wala sina meli ya kupimia. Nifanye nini?" Unayo kazi. Ufukoni huja karani na daftari, akiuliza: Umevua kilo ngapi? Kwa wavu gani? Samaki wa kadiri gani? Wengi humdanganya, mmoja kwa kuogopa kodi, mwingine kwa kuficha wavu wa matundu madogo, wa tatu kwa mchezo. Mwambie kweli. Hesabu ya ziwa zima imejengwa kwa majibu madogo kama lako. Majibu yakiwa ya uwongo, wenye elimu watapiga hesabu ya uwongo kwa akili nyingi sana. Nawe mzee wa kijiji, ukiona samaki wanapungua na kuwa wadogo, sema mapema, sema mbele ya watu, usichoke kusema. Wavuvi wa Newfoundland walisema kabla ya chombo, nao walikuwa na haki.

Na ninyi vijana mlio shuleni, mjifunze hesabu kwa bidii. Nchi yetu itahitaji watu wa kusimama ufukoni na kuandika namba ilivyo, hata siku ile ambapo mkubwa, tajiri na mwenye njaa wote watatu watapenda iandikwe nyingine.