Mpanda Ngazi Hushuka: Kushuka si Kuanguka

Methali "Mpanda ngazi hushuka" imeponzwa na ufupi wake, kwa kuwa wengi huitumia kumkejeli aliyepoteza cheo, mali au sifa, ilhali kejeli hiyo ina methali yake, nayo ni "Aliye juu mngoje chini", kauli ya mtu aliyesimama ardhini akimsubiri mwenzake. "Mpanda ngazi hushuka" haisemi na mtazamaji. Inasema na mpandaji mwenyewe, tena kabla hajaweka mguu kwenye kipawa cha kwanza.

Kipawa ni kile kipande cha ngazi kinachokanyagwa, na Kiswahili kimelitumia neno hilohilo kwa kipaji ambacho mtu hujaliwa, jambo linalostahili kutafakariwa, maana kipaji nacho hukanyagwa ili kumpandisha mwenyewe. Kiambishi "hu-" huonyesha mazoea, yaani jambo ambalo hutokea wakati wote, kwa hiyo methali haitabiri msiba wa mtu fulani bali inaeleza kanuni. Tena imesema "hushuka", haikusema "huanguka". Katika nyanda za Njombe, nchini Tanzania, kuanzia Makambako hadi Mlangali, ambako mbao ni riziki ya wengi, fundi anayepaua nyumba anajua kwamba kushuka ni kazi ngumu kuliko kupanda: anayepanda hukiona kipawa kilicho mbele yake, bali anayeshuka hukitafuta kwa unyayo bila kukiona, akitegemea kwamba kipo palepale alipokiacha.

Maana hiyo inadhihirika katika maisha ya Henry Rono, mkimbiaji aliyezaliwa Nandi, Kenya, mwaka 1952, ambaye mwaka 1978, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington nchini Marekani, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Alianza Aprili 8 kwa mita 5,000, Mei akavunja ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Juni, jijini Vienna kisha Oslo, akazivunja za mita 10,000 na mita 3,000. Rekodi yake ya viunzi na maji, dakika 8 na sekunde 5.4, ilidumu hadi mwaka 1989.

Hata hivyo, ngazi yake ilikuwa na vipawa viwili vilivyong'olewa na mikono ya wengine. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Kenya ikasusia ya Moscow kufuatia majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, naye aliikosa Montreal, lakini Tanzania ilikwenda Moscow, akapata medali ya fedha katika viunzi na maji, na baada ya mbio akaanzisha shule zenye jina lake. Bayi alishuka akikuta pa kukanyaga. Kuwapima wawili hawa kwa mizani moja, na kumhukumu Rono kwa ulegevu wa tabia peke yake, ni kutomtendea haki.

Ni kweli kwamba pombe ndiyo iliyomwangusha Rono, na hilo hakulificha. Wenyeji wa Njombe wanaufahamu mwenendo wa pombe kwa ulanzi, kinywaji kinachogemwa kutoka katika machipukizi ya mianzi wakati wa masika: uliogemwa leo ni mtamu tu, bali ukilala huwa mkali ndani ya chombo kilekile, na mnywaji hahisi mpaka aliouvuka. Septemba 1981, akiwa tayari ametawaliwa na ulevi, Rono alivunja tena rekodi ya mita 5,000 huko Knarvik, Norway, kwa dakika 13 na sekunde 6.20, na pengine ushindi huo ulimdhuru kuliko kushindwa, kwani ulimfanya aonekane bado yuko juu. Miaka iliyofuata alilala katika makazi ya wasio na nyumba, akabeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Albuquerque. Ndipo unyayo ulipokipata kipawa: aliacha pombe, akafundisha wengine kukimbia.

Ngazi ndefu haipandwi bila mtu wa kuishikilia chini, na mshikaji akiondoka baada ya kumshangilia mpandaji, hana haki ya kuitamka methali hii mpandaji anapoanguka. Vyama vya riadha, shule na serikali zinazofurahia medali za vijana zina wajibu wa kuwaandalia pa kukanyaga siku miguu itakapochoka. Rono alirejea Kenya mwaka 2019, akafariki jijini Nairobi Februari 15, 2024, akiwa na umri wa miaka 72, bila kuwahi kukimbia katika Olimpiki yoyote.