Sifa ya Mlinzi

Katika mambo yanayowatatiza watu wapimao haki, moja ni hili: ni nani anayestahili sifa kubwa zaidi, yule atendaye jema likaonekana, au yule azuiaye baya lisitokee? Swali hili halikunijia maktabani. Lilinijia Mombo, penye njia panda, nilipokuwa nikingoja gari la kupanda Lushoto.

Mombo ni mji wa wapitao. Reli kutoka Tanga iliufikia mwaka 1905, na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inaupita. Hapo ndipo njia ya Soni na Lushoto inapoiacha nchi tambarare na kuanza kuparamia mlima. Karibu na kituo, chini ya mti, vijana walikuwa wakibishana habari za mpira. Walitaja wafungaji wa miaka mingi, na mabao yao, na dakika yalipofungwa. Nikawauliza, "Na walinzi je?" Walinyamaza kidogo, kisha mmoja akanijibu kwa adabu, "Mzee, beki hukumbukwa siku aliyokosea." Wenziwe wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, maana kijana yule alikuwa amesema kweli, na kweli ile ilikuwa na dhuluma ndani yake.

Tuitazame kazi ya mlinzi ilivyo. Mshambuliaji aweza kukosa mara tisa akafunga mara moja, akabebwa mabegani. Mlinzi aweza kuzuia mara tisa akakosa mara moja, akazomewa. Bao huandikwa kitabuni. Bao lililozuiwa haliandikwi popote, kwa kuwa halikuwako. Hivyo mmoja hulipwa kwa kilichopo, na mwingine hudaiwa kwa kilichopungua. Yeye hutoa goti, kifundo na ujana wake, na malipo yake makubwa ni kwamba hapana kilichotokea.

Mifano ipo. Nadir Haroub wa Zanzibar alikuwa beki wa Yanga kwa miaka mingi, na nahodha wa Taifa Stars. Watu walimwita Cannavaro, kwa jina la beki aliyeiongoza Italia kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2006. Jina lile lilikuwa heshima, walakini ilikuwa heshima ya kuazima. Januari 2016 mshambuliaji Mbwana Samatta alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Mwezi huo huo unahodha wa Taifa Stars ukawa wake, naye Haroub akatangaza kuiaga timu ya taifa. Simlaumu mtu. Samatta aliistahili tuzo yake. Nasema tu kwamba hivyo ndivyo mizani ya dunia inavyoelemea. Hata tuzo ya Ballon d'Or, iliyoanza kutolewa mwaka 1956, imewafikia walinzi watatu tu: Franz Beckenbauer, Matthias Sammer na Fabio Cannavaro mwenyewe.

Wala si mpira wa miguu peke yake. Katika nchi za baridi uko mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu kwa viatu vya vyuma. Afrika Mashariki umefika Nairobi, na mwaka 2018 timu ya Kenya, Ice Lions, ilialikwa Kanada. Katika mchezo huo mlinzi aliyesifiwa kuliko wengi ni Bobby Orr wa Boston. Alipewa tuzo ya mlinzi bora mara 8 mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1975. Magoti yake yaliharibika, na mwaka 1978 akaacha kucheza, umri wake miaka 30. Watu wa Boston wamemsimamishia sanamu. Sanamu ile inamwonyesha akifanya nini? Akizuia? La. Inamwonyesha akielea hewani baada ya kufunga bao la ubingwa la mwaka 1970. Hata mlinzi bora alikumbukwa kwa kazi ya mshambuliaji!

Yuko atakayesema kwamba hapana dhuluma hapo. Atauliza: tutamshukuruje mtu kwa jambo ambalo halikutokea? Pengine lisingetokea kabisa, hata kama yeye angalilala. Pengine adui alijikwaa mwenyewe. Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuidharau. Jema lililofanywa lina shahidi. Baya lililozuiwa halina.

Ili niijibu sina budi kusema habari za nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa kibarua wa barabara ile ya kutoka Mombo kupanda Soni. Kabla ya masika na kabla ya vuli alizibua mitaro kwa jembe na beleshi, akatoa mawe, majani na udongo ulioporomoka, ili maji yapite pembeni yasiile njia. Magari yalipita yakimrushia vumbi. Sikupata kuona gari lililosimama kumshukuru, kwa kuwa msafiri aliyefika salama hakujua kwamba ameokolewa. Shuleni nilipoulizwa kazi ya baba nilijibu, "Yuko serikalini." Niliona haya kulitaja beleshi. Mwaka mmoja aliugua, na mahali pake hapakuwekwa mtu. Masika yalipokuja, maji yaliacha mtaro ulioziba yakapita juu ya njia, na ukingo ukameguka. Magari yalikwama siku kadhaa, mboga zikaoza katika matenga, na watu wakauliza kwa hasira, "Anayeitunza njia hii yuko wapi?" Hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyosikia akiulizwa.

Basi jibu langu ni hili. Shahidi wa mlinzi ni pengo lake. Lakini si haki kungoja pengo ndipo tumjue mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta una gharama. Twaweza kumpima mapema, si kwa tukio, maana tukio hana, bali kwa uaminifu: alikuwa mahali pake? Aliona hatari kabla ya wengine? Aliifanya kazi siku ambayo hapakuwa na wa kumtazama? Mwenye kujibu ndiyo mara tatu anastahili sifa, hata kama adui hakuja.

Walakini sisemi kwamba kila ajiitaye mlinzi ni mwema. Milima hii ya Usambara inakumbuka mpango wa serikali ya kikoloni wa kuhifadhi udongo. Katika miaka ya 1950 watu walilazimishwa kulima matuta mitelemkoni, na asiyetaka aliadhibiwa. Hatari ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli, lakini wenye mashamba hawakuridhia na kazi ile iliwaelemea. Washambaa wakaikataa, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Ulinzi usiomsikiliza anayelindwa huwa mzigo juu ya hatari. Mlinzi wa kweli hulinda walicho nacho wenziwe, kwa ridhaa yao, wala hakifanyi kuwa chake.

Siku nilipopewa shahada ya udaktari nyumba yetu ilijaa watu. Palipigwa vigelegele, pakachinjwa mbuzi, na kila msemaji alinitaja mimi. Baba alikaa mwisho wa mkeka, akitabasamu. Nilisimama kujibu, nikawashukuru walimu, nikalishukuru kabila na taifa, sikuitaja mitaro. Ada zangu zilitoka katika mitaro ile. Nilikuwa mfungaji siku hiyo, na sikuutazama upande wa nyuma. Baba amekwisha kufa, na deni hili haliwezi tena kulipwa kwa mwenyewe.

Gari lilipokuja nilipanda, nikakaa dirishani. Katika kona moja niliwaona watu wawili wakizibua mtaro, nasi tukawarushia vumbi, kama desturi. Niliporudi Mombo nilishuka kwa miguu kipande kile cha njia, nikawaamkia, nikawaambia asante. Walishangaa, wakaulizana kama nimepoteza kitu. Naam, nilikuwa nimepoteza. Lakini wao walikuwapo bado, na masika yalikuwa hayajaanza.