Kabla Hujafungua Ramani, Uliza Ngitili Iko Wapi

Ndugu zangu mliosoma, ninyi mnaotembea na ramani ya dunia nzima mfukoni, leo nasema nanyi! Nasema nanyi maafisa ugani, nanyi vijana mnaotengeneza programu za kilimo, nanyi madiwani mnaopitisha miradi. Kila siku mnakwenda vijijini kufundisha. Je, mmewahi kwenda kuuliza?

Itazameni Shinyanga, Tanzania. Mkoloni Mwingereza alihimiza misitu ifyekwe ili kumwangamiza mbung'o. Mbung'o akapungua, na miti ikaondoka naye. Mashamba ya pamba yakameza sehemu ya iliyosalia. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, wakayaacha malisho waliyoyatunza. Ilipofika miaka ya 1980, mkoa ule ulikuwa ukiitwa jangwa. Na kila aliyekuja na jambo lake alisema ameleta maendeleo!

Kumbe Wasukuma, wenyeji wa huko, walikuwa na ngitili. Mvua zikianza, kipande cha malisho hufungwa, mnyama haingii. Majani hukua, hukomaa, hukaukia pale pale yakiwa yamesimama. Kiangazi kikishakaza ndipo hufunguliwa, tena kwa zamu, kwa ajili ya ndama, ng'ombe dhaifu na maksai watakaovuta jembe mvua zikirudi. Anayevunja masharti huitwa mbele ya dagashida, baraza la wenyeji, akatozwa faini. Seng'enge haihitajiki.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni watu wa mradi huo wakakazania vitalu vya miche, tena mingi ya miti ya kigeni. Kisha wakafanya jambo ambalo miradi mingi huliona ni kujishusha: wakawasikiliza wenyeji. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizoorodheshwa hazikufika hekta 1,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000! Na sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi vilikuwa hai ardhini miaka yote, vilipopumzishwa, vikachipua. Mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sihubiri chuki dhidi ya mitambo. Setilaiti itakuonyesha palipokauka hata kabla mchungaji hajafika. Lakini haitakuambia malisho yale ni ya ukoo gani, wala walikubaliana nini mwaka wa njaa. Wala wazee si malaika: ngitili za watu binafsi zimewanufaisha zaidi wenye mifugo mingi, na mjane asiye na hata ndama hupata kidogo. Hilo nalo lisemwe mimbarani, lisifunikwe kwa jina la mila.

Basi wewe mwenye kishikwambi, msimu huu usichore mpaka kabla hujaketi kwenye dagashida ukasikiliza hadi mwisho. Uliza ni nani anayefunga na nani anayefungua, na yule mjane atapata wapi kuni. Ukishajibiwa, ndipo uwashe mtambo wako, na ramani utakayochora iache kijijini.

Nanyi wazee, msiondoke na elimu hii! Waiteni wajukuu, hata hao wasiobandua macho kwenye simu, mkawaonyeshe mipaka kwa miguu yenu kabla mvua hazijaanza.