Kizuizi Kifupi

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wa hesabu aliniita ubaoni. Nikakosea, darasa zima likacheka. Tangu siku ile niliamini kwamba hesabu si fungu langu. Hakuna aliyenikataza, nilijikataza mwenyewe. Nimeoa, nimejenga, lakini daftari la matumizi ya nyumbani hulishika mke wangu.

Mwaka 1967 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwafunga mbwa kwa mikanda na kuwapa mishtuko ya umeme ambayo hawakuweza kuizuia kwa lolote. Baadaye waliwaweka katika sanduku lenye kizuizi kifupi katikati. Kuruka tu kungewaokoa. Mbwa ambao hawakuwahi kuteswa hivyo waliruka upesi. Wengi wa wale wengine walilala chini wakilia. Mikanda haikuwapo tena, lakini wao walikuwa bado wamefungwa.

Ni jaribio la kikatili, silisifu. Ila nilijiona ndani yake. Nafsi ya ndani, ile isiyosema kwa sauti, huyachukua maumivu ya siku moja ikayafanya sheria ya maisha.

Jioni moja binti yangu aliniletea daftari lake. "Baba, mimi hesabu siziwezi. Nimefanana na wewe." Maneno yale yalinichoma. Nilidhani mzigo huu ni wangu peke yangu, kumbe nilikuwa nikiurithisha.

Nilitaka kumpa mawaidha. Nikakumbuka kwamba mbwa wale hawakuponywa kwa kuitwa wala kwa kuwekewa chakula ng'ambo ya pili. Iliwabidi watafiti wawavute kwa kamba, tena na tena, mpaka wakaanza kuruka wenyewe. Na mwaka 2016 watafiti haohao waliandika kwamba kulegea mbele ya mateso yasiyokoma ndiko kunakokuja kwa asili. Kinachofundishwa ni kujua kwamba unaweza.

Nikavuta kiti. Tukaanza kugawanya. Nilikosea mbele yake, nikafuta, nikarudia. Hakucheka. Usiku ule tulipata tatu kati ya tano, na kesho yake akaja na daftari bila kuitwa.

Nawe msomaji, unalo jambo ambalo husema, "Mimi hilo siliwezi." Jiulize: mara ya mwisho kulijaribu ilikuwa lini? Na ni nani anayekutazama ukiwa umelala chini?