Shibolethi ya Ruiru

Somo: Waamuzi 12:1–6



Ugomvi wa Efraimu na Gileadi ulianza kwa vitisho na matusi. Ukaishia kwenye vivuko vya Yordani: kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme "Shibolethi." Aliyesema "Sibolethi" aliuawa. Watu 42,000, kwa sababu ya lafudhi. Na wote walikuwa Waisraeli!

Sisi pia tuna yetu. Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa la Wapentekoste wenzetu lilichomwa watu wakiwa ndani, wengi akina mama na watoto. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa: ukichochea chuki ya kikabila, ni faini hadi shilingi milioni moja, jela hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Juni 2016 tuliona wabunge wa pande zote mbili wakilala seli pale Pangani. Serikali ifanye kazi hiyo, tena bila kuogopa wakubwa. Warumi 13 inatufundisha kuiheshimu.

Lakini hapa Ruiru mtu anapiga simu kutafuta nyumba. "Iko, karibu uione." Anataja jina la pili. "Aii, imechukuliwa jana." Sheria ileile inakataza hiyo pia, lakini nani atashtaki? Na mwenye ploti Jumapili anasema Amina na sisi.

Hata mimi nilianguka. Wakati wa kura za 2022, ujumbe wa kutukana kabila lingine uliingia kwa grupu yetu ya maombi. Mimi ndiye admini. Nilisoma, nikanyamaza, kwa sababu aliyetuma ni mtoaji mzuri. Mama mmoja akatoka kwa grupu, kisha akaacha ibada. Nilisomea biashara: kwa vitabu hesabu ilikuwa sawa, sadaka haikupungua. Nilipomtembelea Makongeni baada ya mwezi, aliniuliza tu, "Pasta, kwani hukuiona?"

Niliiona. Nilitubu mbele yake.

Wapendwa, 2027 haiko mbali. Wewe admini, futa ujumbe huo leo, kisha uongee na aliyetuma mkiwa wawili, kama Mathayo 18:15. Wewe mwenye ploti, uliza kodi, usiulize kabila. Msalabani hakuna aliyetuuliza Shibolethi.

Amina.