Kutu Chini ya Rangi

Masomo: Zaburi 32, Mathayo 23:25–28



Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya jambo dogo la nyumbani, wala msitucheke. Twataka kunena juu ya jokofu kuukuu. Bwana wetu alifundisha kwa chachu, kwa taa, kwa kiraka cha vazi, na kwa fedha iliyopotea nyumbani mwa mwanamke. Basi nasi tukijifunza neno kwa chombo cha jikoni, hatudhani ya kuwa twaidharau Injili.

Nyumba yetu i karibu na bahari. Wote wakaao pwani waijua kazi ya hewa ya chumvi, jinsi inavyokula misumari, bawaba na mabati. Jokofu letu lilikuwa limetutumikia miaka mingi. Baridi yake ilikuwa njema bado, na maziwa ya watoto hayakuharibika, lakini sura yake ilikuwa imechakaa. Weupe wake uligeuka manjano, na ubavuni chini, mahali yanaporukia maji ya kudeki, palitokea madoa mekundu ya kutu. Hata tulipopata habari ya kwamba washarika watakuja kwetu kwa ibada ya nyumbani, tuliona haya. Tukanunua kopo la rangi nyeupe na brashi, tukalipaka lote jioni moja, pasipo kuliosha wala kulikwangua. Likang'aa. Wageni wakaja, wakalisifu, nasi tukapokea sifa hiyo kwa furaha.

Walakini masika yalipokwisha, rangi ilianza kufura kama malengelenge. Mtoto akagusa lengelenge moja kwa kidole, likapasuka, na unga mwekundu ukamwagika sakafuni. Pale palipokuwa na doa kama sarafu, sasa palikuwa na tundu. Maana kutu ni chuma kilichoungana na hewa na maji, nayo hushika unyevu. Ukiipaka rangi juu yake, umeufungia unyevu huo ndani pamoja na chuma; tena rangi yenyewe haishiki chuma, yashika unga tu. Rangi yetu haikuizuia kutu. Iliificha, nayo ikaendelea kula gizani.

Ndipo tulipomwita fundi atufundishe. Kwanza alichomoa waya wa umeme, akalitoa jokofu uani penye hewa nyingi, akaacha mlango wazi mpaka barafu yote ikayeyuka. Akaliosha kwa maji ya moto na sabuni ili kuondoa mafuta ya jikoni, kwa kuwa rangi haishiki penye mafuta. Kisha akaanza kukwangua. Kwa sababu rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto, alitumia msasa uliolowa maji ili vumbi lisiruke, na watoto tukawaweka mbali. Alikwangua rangi yetu ya jioni ile, akakwangua na kutu, hata chuma kikaonekana cheupe. Penye tundu akabandika kiraka cha bati kwa gundi. Hakutoboa mahali pengine, maana katika kuta za majokofu mengi hupita mabomba ya gesi. Mpira wa mlango akaufunika kwa karatasi usipate rangi. Baada ya hayo akapaka rangi ya kwanza, ile ya kuzuia kutu, na juu yake rangi nyeupe mara tatu, nyembamba nyembamba, akingoja kila moja ikauke. Kazi tuliyoifanya sisi kwa jioni moja, yeye aliifanya kwa juma zima.

Tukamwuliza, "Na ndani je?" Akajibu, "Ndani hapapakwi rangi, ndipo kikaapo chakula. Ndani huoshwa." Tukamkumbuka Bwana wetu aliyewaambia Mafarisayo juu ya kikombe na sahani, na juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa.

Ndugu, tulipokuwa tukimsaidia fundi yule, dhamiri yetu ilianza kutushtaki, nasi hatuna budi kuwaeleza. Zamani kidogo tuliwekewa amana ya michango ya msiba wa nyumba moja. Tulikuwa na shida ya karo ya shule, tukachukua sehemu ya fedha zile, tukisema moyoni kwamba tutazirudisha. Tulirudisha, lakini si zote. Shemeji yake mjane alipotuomba hesabu, tulimjibu kwa ukali, kana kwamba ametutukana. Habari ikafika kwa wazee wa kanisa. Kabla ya Chakula cha Bwana wakatutaka tupatane, nasi tukashikana mikono mbele yao, tukasema, "Yamekwisha." Watu wote wakafurahi. Walakini tangu siku ile tulikuwa tukipita njia ya mbali ili tusipite mlangoni pake. Mkono ule tuliompa ulikuwa rangi juu ya kutu.

Siku ya pili ya kazi, jioni, tulikwenda nyumbani kwake tukichukua daftari la michango. Tukalifunua, tukamwonyesha ukurasa na hesabu iliyopungua. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akatuuliza neno moja tu: kwa nini hatukusema siku ile tuliyoshikana mikono. Tukajibu kwamba tuliona haya. Akavaa viatu vyake, akatupeleka yeye mwenyewe kwa mjane, nasi tukaungama mara ya pili, na mara hii ilikuwa ngumu kupita ile ya kwanza, kwa kuwa mama yule alilia. Fedha zilizobaki tulizilipa kwa miezi miwili. Wote wawili walitusamehe. Hatusemi kwamba urafiki ulirudi siku ileile kama zamani. Rangi iliyopakwa vema hukauka polepole.

Labda msomaji mmoja atasema, "Je, Mungu naye hafuniki? Daudi katika Zaburi ya 32 amwita mwenye heri yule ambaye dhambi yake imefunikwa." Naam, ndivyo asemavyo. Lakini tusome mbele. Daudi asimulia ya kuwa alipokaa kimya alichakaa hata mifupani, na mkono wa Mungu ulimlemea usiku na mchana. Alipoacha kuuficha uovu wake, ndipo aliposamehewa. Basi kuna kufunika namna mbili. Mwanadamu hufunika ili dhambi isionekane, nayo huzidi kula. Mungu hufunika ile iliyokwisha kufunuliwa mbele zake, nayo haihesabiwi tena. Tusichanganye mambo haya mawili, wala tusilitumie jina la neema kuwa kopo la rangi ya kuficha.

Na jambo la pili ni hili, tena ni kubwa kwenu ninyi mnaofundisha wengine. Msidhani ya kuwa msasa ndio wokovu. Fundi alituambia kwamba chuma kilichokwanguliwa kikaachwa tupu huliwa na kutu upesi kuliko kwanza, kwa kuwa ki uchi. Kwa hiyo alipaka rangi ya kwanza siku ileile kilipokauka. Yuda alikiri kosa lake mbele ya makuhani, akazirudisha fedha thelathini. Lakini wale aliowaungamia hawakuwa na neno la kumponya, naye hakumwendea Bwana, akafa katika huzuni yake. Petro naye alilia kwa uchungu, lakini Bwana alimkuta pwani, akampa kazi ya kuwalisha kondoo. Tofauti yao haikuwa wingi wa machozi. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther yatufundisha ya kuwa kuungama kuna mambo mawili: kuzikiri dhambi zetu, na kulipokea ondoleo kama litokalo kwa Mungu mwenyewe. Anayekwangua moyo wa mwenzake kwa sheria, kisha akamwacha bila kumpa neno la ondoleo, amemwacha wazi kwa mvua.

Kwa hiyo twawasihi, ninyi waalimu na wazee wa kanisa. Watu wawili wakigombana, msifanye haraka ya kuwashikisha mikono kwa sababu Jumapili ya Chakula cha Bwana i karibu. Ulizeni kwanza kuna nini chini ya rangi. Kama kuna deni, lisemwe; kama kuna hesabu, ifunuliwe; kama kuna neno baya lililonenwa, litajwe kwa jina lake. Na likiisha kutajwa, msikawie kuwatangazia msamaha wa Kristo, wala msilikumbushe tena. Na sisi sote, kabla hatujamwuliza jirani, tutazame ubavu wetu wenyewe chini, mahali wageni wasipotazama.

Jokofu letu liko jikoni bado. Mvua nyingine imepita, na rangi haikufura. Ukiinama waweza kukiona kiraka, kwa maana bati limeinuka kidogo. Fundi alituuliza kama twataka kukisogezea kabati kisionekane. Tukamwambia akiache.

Bwana Yesu Kristo, aliye mwaminifu na wa haki, atufunue kwa upole, atusafishe, na kutufunika kwa haki yake. Amin.