Simu Yataka Memori Kiasi Gani?

Suala hili lilitufikia kutoka kwa mama mmoja wa Likoni, muuza mahamri, ambaye kijana wake ni dereva wa tuktuk. Alituuliza hivi: "Masheikh zangu, kijana wangu ana simu ya GB 2. Yapiga, yapokea, na M-Pesa yatuma. Sasa ataka kununua simu ya GB 8, alipe kidogo kidogo kila siku muda wa mwaka mzima. Je, hii ni haja au ni israfu? Nimkataze au nimnyamazie?"

Yawezekana msomaji akacheka, akasema: masheikh na memori ya simu wapi na wapi? Twamjibu kuwa suala hili si la simu tu. Ni suala la kale, nalo ni hili: mtu atajuaje mpaka wa kinachomtosha? Zamani liliulizwa katika nguo, na nyumba, na karamu za harusi. Leo laulizwa katika simu, kwa kuwa simu ndiyo inayokula mapato ya watu wengi wa hali ya chini hapa bara, kutoka Likoni mpaka Kisauni na Changamwe. Basi kulikataa suala kwa sababu ya upya wa jina lake ni uvivu wa fikra.

Twaanza kwa kukiri kosa letu. Mama huyo alipotuuliza, tulimjibu papo hapo kuwa GB 2 zatosha, na kuwa vijana wa siku hizi hupenda kujionyesha. Wenzetu wote darasani waliafiki, wala hakuna aliyeuliza ile simu yafanya kazi gani. Wiki iliyofuata, baada ya swala ya Magharibi, kijana mwenyewe alikuja kwa adabu, akaamkia, akaiweka simu yake juu ya mkeka, akasema: "Sheikh, naomba mtazame kwanza, kisha mhukumu."

Akafungua programu inayomletea maombi ya abiria. Akafungua na ramani, kwani bila ya ramani hamfikii abiria upesi. Mara simu ikalia, akaipokea. Alipomaliza kuzungumza akarudi kwenye ile programu ya abiria, na tazama, ilikuwa imefungika, yaanza upya kama iliyowashwa sasa hivi. Akasema: "Mpaka ifunguke tena, abiria amekwisha kupewa mwingine. Kwa siku hunipata hivi mara nyingi." Tulinyamaza. Tulikuwa tumehukumu juu ya kitu tusichokijua, tukamvika kijana wa watu vazi la majivuno asilokuwa nalo.

Kwa hivyo ilitubidi tujifunze, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, watu huchanganya vitu viwili kwa kuviita vyote memori. Kimoja ni ghala, mahali pa kuwekea picha, sauti, vitabu na programu zenyewe. Ndicho kinachotajwa kwa GB 32, 64, 128 na zaidi. Kilichowekwa humo hubaki hata simu ikizimwa. Cha pili ni kile wauzaji wakiitacho RAM, nacho hutajwa kwa GB 2, 4, 6, 8 na kuendelea. Hiki ni mahali pa kufanyia kazi iliyopo mkononi, na simu ikizimwa hufutika chote.

Mfano wake ni chuoni walikosomea wazee wetu. Mwanafunzi alikuwa na ubao, akiandika juu yake somo la siku ile, akilisoma mpaka akalihifadhi, kisha akiuosha ubao na kuandika jingine. Na mwalimu alikuwa na kasha la vitabu. RAM ni ule ubao, na ghala ni lile kasha. Mwenye ubao mdogo, hata akiwa na kasha la kujaa nyumba, hana budi kufuta mstari wa kwanza ndipo aandike wa tatu. Na ndivyo ilivyofanya simu ya kijana yule: ilipoletewa kazi ya tatu ilifuta ya kwanza. Haikuharibika. Ubao ulikuwa mdogo kwa somo lake.

Kwa mfano huu twafahamu pia kosa la wale wanaosema "simu yangu imejaa" kisha wakakimbilia dukani. Mara nyingi kilichojaa ni kasha, na lililolijaza ni mikanda ya video iliyotumwa katika makundi ya WhatsApp, ambayo mwenyewe hakuiomba wala hataitazama tena. Dawa ya hilo ni kufuta, na kuizuia simu isipakue kila kinacholetwa. Mtu huyo hana haja ya simu mpya. Ana haja ya kufagia nyumba. Wako pia wanaoona RAM yao imetumika karibu yote wakadhani ni ugonjwa, wakawa wafunga programu moja moja kutwa. Nalo ni kosa. Simu za Android zimetengenezwa ziweke katika RAM programu zilizotumika karibuni ili zifunguke upesi. Ubao mtupu haumfai mwanafunzi kitu.

Pili, mpaka wa kinachotosha haukusimama mahali pamoja. Simu ya kwanza ya iPhone, iliyotoka mwaka 2007, ilikuwa na RAM ya MB 128. Simu ya IDEOS ya Huawei, ambayo Wakenya wengi waliijua mwaka 2011 kuwa ndiyo simu ya kisasa ya bei nafuu, ilikuwa na MB 256. Mwaka 2022, Google ilipotoa Android 13 ya aina ya Go, yaani ile iliyofanywa nyepesi kwa ajili ya simu dogo, ilishurutisha RAM isipungue GB 2. Yaani kiasi cha chini kabisa cha maskini wa 2022 ni mara nane ya kile cha 2011. Na simu ya GB 8 aliyoitaka kijana ni mara 32 ya IDEOS.

Pengine mtu atasema: "Lakini kompyuta iliyowaongoza Wamarekani mpaka mwezini mwaka 1969 ilikuwa na memori ya kazi ya kilobaiti nne tu! Basi GB 8 za nini?" Maneno haya hupendwa sana na wahubiri, na sisi pia tuliwahi kuyatumia. Lakini si hoja. Kompyuta ile ilikuwa na kazi moja, iliyoandikwa na mafundi wenye kuhesabu kila herufi. Haikuonyesha ramani za rangi, wala haikupokea picha na sauti za watu. Mwenye kupima haja ya mtu kwa kazi ya mtu mwingine ni kama anayempimia baharia maji kwa kiu ya aliyekaa kisimani.

Na hapa ndipo lilipo jibu la suala letu. Kinachotosha hakijulikani kwa kutazama kitu. Hujulikana kwa kutazama kazi. Kwa tulivyoona na kuuliza mafundi, mwenye kupiga simu, kutuma ujumbe na kutumia M-Pesa, RAM ya GB 2 au 3 yamtosha akiwa na subira. Mwenye kufanya jambo moja moja, akasoma, akatazama darasa, akaandikiana na watu, GB 4 zamtosha. Ambaye riziki yake yataka programu mbili tatu ziwe wazi kwa pamoja, kama kijana yule, asishuke chini ya GB 6. GB 8 ni wasaa kwa watu wengi. Zinazozidi hapo zina wenyewe: wanaotengeneza filamu kwa simu, wanaocheza michezo mizito, na wanaotaka akili bandia ifanye kazi ndani ya simu yenyewe. Kwa ajili ya hii akili bandia Apple ilishurutisha simu yenye GB 8 mwaka 2024. Ama simu za GB 24, zilizotoka tangu mwaka 2023, hatujamwona kati yetu mwenye kazi ya kuzijaza.

Mtu aweza kusema: "Nanunua zaidi leo ili simu inidumu, kwani programu zakua kila mwaka." Hii ni hoja ya busara, wala hatuikatai. Lakini na aipime sawasawa. Umri wa simu hauhesabiwi kwa RAM peke yake. Betri huchoka, na matengenezo ya usalama kutoka kwa watengenezaji hukoma. Simu chache za bei ya juu, kama Pixel 8 ya mwaka 2023 na Galaxy S24 ya mwaka 2024, ziliahidiwa miaka saba ya matengenezo. Nyingi za bei ya chini hazipati hata nusu ya hiyo. Basi anayelipia RAM ya miaka minane katika simu itakayoachwa na mtengenezaji wake baada ya miwili, amejenga ghorofa juu ya msingi wa kibanda. Naye alipia kitu ghali, kwani mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vyake vilikuwa vyaipeleka kwa wingi katika majumba ya kompyuta za akili bandia.

Tatu, lipo neno kwa wauzaji, nalo ndilo zito zaidi. Siku hizi simu huandikwa "GB 8", na ukitazama chini kwa herufi ndogo wakuta "4+4". Maana yake ni kuwa RAM ya kweli ni GB 4, na zile nne nyingine zimeazimwa kutoka katika ghala. Ghala ni la mwendo wa polepole kuliko RAM, wala haliwezi kuifanya kazi yake kwa ukamilifu. Kila mtu wa Kongowea ajua kuwa pishi ni vibaba vinne. Lau muuza nafaka angekupimia vibaba viwili, kisha akakuonyesha viwili vingine ndani ya gunia lako mwenyewe, akasema "hii ni pishi", ungemwita nani? Aliye dukani asijitetee kwa kusema "imeandikwa hivyo na kampuni." Yeye ajua na mnunuzi hajui, na mwenye kujua ila ya bidhaa ni wajibu wake kuibainisha. Maneno mawili yatosha: "nne ni za kweli, nne ni za kuazima."

Nne, wako wanaoitengeneza haja yenyewe. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilifanya kazi katika simu ndogo kabisa, na mpaka leo yafanya. Waliounda njia ile walimtazama mwenye kidogo, wakamfikia alipo. Lakini programu nyingi za leo huundwa na watu wenye simu za GB 12 mkononi, na kila wanapoongeza pambo, dereva wa Likoni hutakiwa anunue simu nyingine. Hivyo israfu ya mmoja yageuka kuwa dharura ya mwingine. Sisi wahubiri tumezoea kumkemea mnunuzi maskini, kwa kuwa ndiye aliyekaa mbele yetu mkekani. Tuseme pia na waliomfunga. Na tuanze na nafsi zetu: kila madrasa, chuo au jumuiya inayotaka wazee wa wanafunzi wapokee habari zao kwa programu nzito, ilhali ujumbe mfupi wa maandishi watosha, imemtwika mtu mzigo bila ya sababu.

Tano, ni habari ya malipo ya kila siku. Mwaka 2020 ulipoanza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, watu walivutiwa na shilingi 20 kwa siku. Shilingi 20 ni kidogo, ila ukizihesabu kwa mwaka ni shilingi 7,300. Hatusemi mipango ya namna hii ni mibaya. Wengi hawangepata simu bila yake. Hukumu za mauzo ya mkopo zina mlango wake, wala hatuuingii leo. Twasema tu kuwa mnunuzi aulize mambo matatu kabla ya kuweka sahihi: jumla ya yote atakayolipa ni ngapi, bei ya taslimu ni ngapi, na siku akikosa kulipa, simu itafungwa au haitafungwa? Kwani simu ikifungwa siku ya mvua tuktuk isipopata abiria, chombo cha riziki kimekuwa kufuli ya riziki.

Basi tulimrudia yule mama, tukamwambia: tulikosea, usimkataze. Na kijana tukamwambia: una haki katika haja yako, ila GB 8 kwa deni la mwaka mzima si lazima, tafuta yenye GB 6 za kweli. Akazungumza na wenzake wa stendi, akatafuta, akapata iliyotumika, safi, akailipa kwa miezi mitatu.

Ile simu ya zamani alimpa mamake. Akaifuta yote, akamwachia simu, M-Pesa na WhatsApp tu. Sasa mama apokea humo maagizo ya mahamri tangu alfajiri, na asema simu yake haina tatizo lolote. Simu ni ile ile, na GB ni mbili zile zile. Mkononi mwa mwana zilipungua, na mkononi mwa mama zimebaki. Anayetaka kujua mpaka wa kinachotosha na aanze kuutafuta hapo, kwa kuuliza kazi kabla ya kutaja kiasi, na asimhukumu nduguye kabla ya kuitazama simu iliyo juu ya mkeka.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.